Jina la Nane Mkiani

Gerlof Hettinga alipaka rangi ndege za kivita kwa miaka thelathini na minne, na kwa karibu miaka yote hiyo rangi ilikuwa moja: kijivu. Kulikuwa na kijivu cha mgongoni, kijivu cha tumboni, na kijivu cha tatu ambacho mtu asiye wa kazi hawezi kukitenga na vile viwili hata umshike kichwa umwelekeze. Gerlof alivitenga kwa kupita tu. Akiingia dukani kijijini kwetu Jellewier, akaona kabati limepakwa upya, alikuwa akisema ni kijivu kipi na kimekosewa wapi, na muuza duka alikwishazoea kumjibu kwamba kabati halitaenda vitani.

Lakini kila baada ya miaka michache, kikosi kinapotimiza umri wa kujivunia, ruhusa hutoka wizara ya ulinzi, The Hague, ya kupamba ndege moja. Hapo ndipo wakubwa walipokumbuka kwamba Gerlof ana jina. Alikwishachora simba wa rangi ya chungwa, akachora bendera inayopepea kutoka puani mpaka kwenye bomba la moshi, na mwaka mmoja akachora mawimbi ya bahari ambayo rubani mmoja alilalamika yanamtia kichefuchefu. Watu walikuja kutoka Ujerumani na Uingereza kupiga picha. Mapambo hayo hukaa msimu mmoja, pengine miwili, kisha ndege hurudi karakanani, yakakwanguliwa, kijivu kikarudi. Gerlof mwenyewe ndiye aliyeyakwangua. Ukimwuliza kama haimuumi, alikuwa akisema kazi ni kazi, kisha anaondoka kabla hujauliza la pili.

Alikuwa mtu wa maneno machache, na huku kwetu Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, hilo si kasoro, ni malezi. Hakuoa. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya wazazi wake karibu na mfereji, na kila Oktoba alipakia gunia la viazi kwenye baiskeli akampelekea Hiske Sybesma. Kila mwaka wa pili, majira ya kuchipua, alimpakia rangi fremu za madirisha. Alipomaliza alikaribishwa kahawa, akanywa kikombe kimoja na biskuti moja kama adabu inavyotaka, akashukuru, akaenda zake. Kijiji kilikuwa na la kusema, kijiji gani hakina? Wakamtania kwamba madirisha ya Hiske sasa yamekuwa rangi tupu, mbao imekwisha ndani. Wakangoja harusi mwaka wa kwanza, wa tano, wa kumi, mwishowe wakachoka.

Ukweli ni kwamba Gerlof hakuwa akiposa. Alikuwa akilipa, na wala hakujua bei.

Hiske alikuwa mjane wa Rienk Sybesma, na Rienk alikuwa fundi rangi mwenzake Gerlof. Waliajiriwa wiki moja, mwaka 1978, wakapewa makabati yanayopakana, wakafanya kazi pamoja miaka sita. Machi ya mwaka 1984 ilikuwa ya baridi, na baridi ilipolegea wanaume wote wa huku waliingia malishoni na fimbo zao za kurukia mitaro, kutafuta yai la kwanza la kivit. Huyo ni ndege wetu, mweusi kwa mweupe na mgongo wa kijani, na kishungi kirefu kichwani. Anayepata yai la kwanza la mwaka hupigwa picha na wakubwa wa jimbo, na jina lake husemwa mpaka mwaka unaofuata. Mtu ambaye hajawahi kulitafuta hawezi kuelewa. Mtu mzima mwenye akili zake huacha ng'ombe bila kukamuliwa. Gerlof alikuwa na miaka ishirini na minane, na aliona kwamba Jumatano ile, baada ya siku mbili za jua, yai litapatikana. Alikuwa na zamu. Akamwomba Rienk wabadilishane, na Rienk, ambaye hakujali ndege wala mayai, akakubali bila kuweka chini kikombe chake.

Alilipata. Si la kwanza la jimbo, lilikuwa la tatu au la nne, lakini alilipata, akaliweka ndani ya kofia na kuivaa kama desturi ilivyo, akarudi na yai lina joto la kichwa chake. Alipofika kwenye daraja aliona moshi juu ya kambi ya ndege. Katika banda dogo la rangi, Rienk alikuwa akitoa rangi kuukuu kwenye bawa kwa ile dawa inayonuka, feni ya kuvuta hewa ilikuwa imesimama na hakuna aliyegundua, waya wa taa ukatoa cheche, na mvuke wa dawa ukashika moto akiwa ndani. Hakuteseka muda mrefu, ndivyo walivyomwambia Hiske. Gerlof alilitupa lile yai mferejini, na tangu siku hiyo hakuingia tena malishoni mwezi wa Machi.

Hakumwambia Hiske kwamba zamu ilikuwa yake. Siku ya maziko hakuweza, kwa maana mjane alikuwa hajiwezi. Wiki iliyofuata akaona ni mapema. Mwaka ulipopita akaona amechelewa, na kila mwaka ulioongezeka uliifanya ile sentensi moja kuwa nzito zaidi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Gerlof alijua hivyo, lakini aliendelea kupeleka viazi. Na kwa kuwa aliogopa kwamba jina la mumewe likitajwa na mengine yatafuata, hakumtaja Rienk katika nyumba ile hata mara moja.

Pahali alipomtaja ni pengine. Mafundi rangi wa kambi ile wana desturi ambayo haimo katika kitabu chochote cha kazi. Rangi ya msingi ikikauka, kabla ya kijivu kupita juu, huandika kwa penseli wanachotaka: mtoto aliyezaliwa, mabao ya Jumapili, tusi kwa msimamizi. Kisha kijivu hufunika yote, na ndege huruka duniani na matusi hayo chini ya ngozi. Tangu 1984, kila ndege iliyopita mikononi mwa Gerlof ilikuwa na jina la Rienk chini ya rangi, upande wa kushoto, nyuma ya mlango wa gurudumu. Ndege ikirudi, dawa ilikwangua jina pamoja na rangi, naye akaliandika tena. Pengine aliliandika mara mia tatu. Hakuna mtu aliyewahi kulisoma.

Hiske naye alikuwa na desturi yake. Nje ya uzio, mwisho wa njia ya kurukia, hukusanyika watu wenye kamera na ngazi, maana uzio ni mrefu na ndege hazisimami kungoja mtu mfupi. Mwaka uleule wa msiba Hiske alinunua ngazi ya vipandio vitatu, akaifunga kwenye baiskeli, akajiunga nao. Aliandika namba ya kila mkia kwenye daftari na kupiga picha. Wapo waliosema huzuni imemgeuza. Yeye alisema ndege zile zina mkono wa mumewe juu yake, na anataka kuziona mpaka ya mwisho ivuliwe rangi. Ya mwisho ilivuliwa mapema sana, lakini alikuwa amezoea, na wale watu wa ngazi walikuwa wenzake, basi akabaki.

Mwaka 2012 kikosi kilitimiza miaka sitini. Nembo yake ni kivit, na mchoro uliotoka The Hague ulikuwa na huyo kivit akipanda mkia mzima, kishungi kikifika kwenye ncha, na chini ya miguu yake, kwa herufi nyeupe zenye urefu wa kidole gumba, majina ya waliokufa. Gerlof alipewa mchoro pamoja na orodha. Orodha ilikuwa na majina saba. Aliisoma kwa kusimama, akaisoma kwa kukaa, kisha akaigeuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu. Wote saba walikuwa marubani.

Alikwenda ofisini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa hiari. Ofisa aliyesimamia sherehe alimpokea vizuri, akamweleza kwamba orodha ni ya waliokufa wakiruka, kwamba The Hague imekwisha kupiga muhuri, na kwamba herufi moja ikiongezwa karatasi zote zitaanza upya na sherehe itakuwa imepita. Alisema hayo kwa upole, na upole wake ulimkasirisha Gerlof kuliko ukali. Asiyekuwepo na lake halipo. Fundi aliyefia karakanani alikuwa amehesabiwa pamoja na karakana.

Mwenzake wa kazi wakati huo alikuwa Dieuwke, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mkata stensili za kupakia herufi, mwenye ulimi ambao msimamizi aliuogopa. Alimwona Gerlof anasugua mkia kwa msasa pahali palipokwisha kuwa laini, akamwuliza kama anataka kutoboa. Gerlof akamwambia habari ya orodha. Hakumwambia habari ya zamu.

"Si umwandike chini kama siku zote?" Dieuwke alisema. "Unadhani sijui? Nimekuona miaka kumi na mbili unachuchumaa nyuma ya mlango wa gurudumu."

Gerlof akasema ndiyo, anaweza. Na mchana kutwa alijaribu kuridhika na hilo.

Jioni, Gerlof akirudi nyumbani kwa baiskeli, Hiske alimsimamisha kando ya uzio. Alikuwa juu ya ngazi yake, koti limefungwa mpaka kidevuni, na hakushuka. Alisema amesikia wataandika majina mkiani. Gerlof akakubali kwamba wataandika.

"Yote?"

"Yaliyomo kwenye orodha."

Hiske alimtazama kidogo, kisha akageuzia kamera yake kwenye njia ya kurukia, ambako hakukuwa na ndege yoyote. Gerlof akapanda baiskeli. Aliona haya, haya ya mtoto aliyekamatwa, na upepo wa mbele ulimfanya aendeshe polepole mbele ya macho ya Hiske kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kustahimili.

Usiniulize alilala vipi. Ninachojua ni kwamba asubuhi iliyofuata, kwenye kahawa ya saa nne, alimwomba Dieuwke amkatie stensili moja zaidi, ya ukubwa uleule, herufi zilezile. Dieuwke aliweka kikombe chini. Akamkumbusha kwamba amebakiza miaka miwili kustaafu na kwamba ndege ile inakwenda kutazamwa na majenerali. Gerlof akasema anajua. Alisema ameliandika jina lile miaka ishirini na minane pahali ambapo hakuna wa kulisoma, na kwamba kuandika hivyo ni sawa na kutoandika. Kwa Gerlof hiyo ilikuwa hotuba.

"Wakiniuliza, mimi nilikuwa chooni," Dieuwke alisema, akaenda kuwasha mashine ya kukatia.

Wakamaliza mkia Jumatano. Kivit alitoka vizuri kuliko mchoro. Gerlof alikuwa amemwongezea kijani kinachobadilika ukisogea, kama mgongo wa ndege mwenyewe juani, na Dieuwke, ambaye hakuwa mwepesi wa sifa, alisimama akamtazama huku chai inapoa. Chini ya miguu ya kivit kulikuwa na majina manane. Saba yalikuwa na vyeo. La nane lilisema: R. Sybesma, fundi.

Alhamisi ndege ikatolewa nje kupigwa picha, siku moja kabla ya kuruka mbele ya wageni. Mkuu wa kikosi, Luteni Kanali Van Rossem, alikuja na watu sita. Upande wa pili wa uzio ngazi zilikuwa zimepangana hata hapakuwa na nafasi. Van Rossem aliuzunguka mkia, akasifu, akasogea karibu, na Gerlof akamwona anahesabu kwa midomo. Alihesabu mara mbili. Kisha akamwita.

"Huyu wa mwisho aliruka na ndege gani?"

"Hakuruka, Kanali. Alikuwa anaogopa hata ngazi."

Mmoja wa wale sita alicheka, akanyamaza haraka. Van Rossem akauliza kwa nini basi yumo.

"Alikuwa fundi rangi. Aliungua humu kambini, Machi themanini na nne, kazini." "Zamu ilikuwa yangu. Nilimwomba aishike ili niende kutafuta mayai ya kivit."

Alikuwa hajawahi kuyasema maneno hayo kwa sauti, hata akiwa peke yake, na alishangaa yalivyokuwa machache. Van Rossem hakuwa mtu wa huku, alitoka kusini, lakini alikuwa ameishi kwetu muda wa kutosha kujua Machi ni nini. Aliutazama mkia, akawatazama watu wenye kamera, ambao bila shaka walikwisha kupiga picha mia mbili.

"Kesho naye ataruka," alisema. "Jumatatu The Hague watanipigia simu, na Jumatatu hiyohiyo nataka barua yako ya kujieleza mezani kwangu. Karipio litaingia kwenye faili. Sina njia nyingine, Hettinga."

Gerlof akasema ameelewa. Wale sita wakaendelea kwenye pua ya ndege. Hakuna aliyemwambia aondoke wala abaki, basi akafanya jambo ambalo miguu yake ilikwisha kuanza. Alivuka uwanja wa majani, mita mia mbili, kuelekea uzio.

Hiske alikuwa juu ya kipandio cha tatu, lenzi yake ndefu imeelekezwa kwenye mkia, na hakuishusha Gerlof alipofika. Watu wa ngazi za jirani walimwona uso wake Gerlof, wakapata ghafla sababu ya kuangalia betri zao.

"Nimemsoma," Hiske alisema. "Herufi zimekaa vizuri."

Gerlof alishika waya wa uzio. Akamwambia. Alimwambia habari ya Jumatano ile, ya zamu, ya ombi lake, ya daraja na moshi, na kwamba aliyestahili kuwa bandani ni yeye. Aliyasema yote akitazama vipandio vya ngazi. Alipomaliza alingoja matusi, na ningesema aliyataka.

Hiske alishusha kamera.

"Rienk aliniambia," alisema. "Asubuhi ileile, anavaa koti. Akasema, naenda kumshikia Gerlof, kichaa wa mayai. Nilijua kabla wewe hujafika darajani, Gerlof."

Katika miaka yote ile halikumjia Gerlof wazo kwamba mtu akitoka nyumbani siku ambayo si ya zamu yake, mkewe huuliza anakwenda wapi.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza mwishowe.

"Nikuambie nini? Watu hubadilishana zamu kila wiki. Hilo sikukulaumu hata siku moja." Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini ilikuwa imeanza kutetemeka, na si kwa upole. "Mimi nilikuwa naye jioni tu, amechoka, amelala kwenye kiti. Wewe ulikuwa naye mchana, muda wa saa nane kila siku, miaka sita. Hakuna mwingine aliyekuwa naye mchana. Nilikuwa nakutengea kahawa, nakaa mbele yako, nangoja useme hata neno moja juu yake. Alikuwaje kazini. Alicheka nini. Wewe unamaliza biskuti, unaondoka. Umeniletea viazi miaka ishirini na minane, Gerlof. Viazi ninavyo."

Nyuma ya Gerlof injini ya ndege iliwashwa kwa majaribio na kila mtu pale akainua kamera, ila Hiske. Gerlof alisimama na vidole vyake ndani ya waya. Alikuwa amejitayarisha kwa hasira na hata kwa msamaha. Hili la kwamba alimnyima mwanamke yule mume wake mara ya pili, kidogo kidogo, kila Oktoba, hakuwa amejitayarisha nalo, na lilimwingia mahali ambapo lile la kwanza halikuwahi kufika.

Injini ilipozimwa alisema, "Alikuwa anaimba."

"Rienk?"

"Ndani ya barakoa. Alidhani hatusikii. Vibaya sana."

"Nyumbani hakuimba kamwe," Hiske alisema, akashika ngazi kwa mikono miwili. "Aliimba wimbo gani?"

Gerlof akafungua mdomo kuutaja, na wimbo haukuwepo. Aliutafuta. Alimwona Rienk, aliona mgongo wake na mkono unaopita juu ya bawa, mabega yakienda na mdundo, lakini hapakuwa na sauti. Alikuwa ametumia miaka ishirini na minane kutomsikia, na kazi hiyo, kama kazi zake zote, alikuwa ameifanya vizuri.

"Sikumbuki," alisema. Alikuwa analia, na huku kwetu mwanaume hulia nyumbani. "Hiske, sikumbuki."

Hiske alishuka ngazi. Akaja mpaka uzioni, akasimama karibu hata pumzi yake ikapita kwenye waya.

"Basi anza na unalolikumbuka," alisema.

Gerlof akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akafikiri, akaanza na viatu, vile viatu vya kazi ambavyo Rienk hakuwahi kuvifunga kamba.